Kununua Ukurasa Halisi wa Katuni Mnadani Ukiwa Kigoma: Hatua kwa Hatua

Januari 2022, mjini Dallas, Marekani, kampuni ya mnada ya Heritage ilinadi ukurasa mmoja wa katuni. Haukuwa kitabu, wala haukuwa jalada. Ni ukurasa wa 25 wa toleo namba 8 la Secret Wars, mfululizo wa katuni wa kampuni ya Marvel, uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, unaomwonyesha Spider-Man akipata lile vazi lake jeusi. Dau la kuanzia lilikuwa dola 330,000. Mnada ulipofungwa, mnunuzi alitakiwa kulipa dola 3,360,000.

Wengi wakisikia bei ya namna hiyo hufunga mjadala hapo hapo: hayo ni mambo ya matajiri. Sikubaliani nao. Kampuni hiyo hiyo ina minada ya kila wiki ambako kurasa huondoka kwa dola mia au mia mbili, na kanuni ni zile zile: usajili ule ule, ada zile zile, dau likishawekwa halirudi. Mtu wa Mwanga, Gungu au Ujiji mwenye simu, akaunti ya benki na subira anaweza kushiriki. Asichoweza kumudu ni kuingia bila kujua anachokinunua, na bila kujua kitamgharimu kiasi gani hadi kifike mlangoni kwake. Hayo mawili nitayakalia zaidi.

Hatua ya 1: Jifunze kuutambua ukurasa halisi

Ukurasa halisi ni ile karatasi yenyewe ambayo mkono wa mchoraji uliigusa kabla kitabu au gazeti halijachapwa. Katuni za Marekani kwa kawaida huchorwa kwenye karatasi ngumu iitwayo bristoli, yenye upana wa sentimita 28 na urefu wa 43 hivi. Zile za kabla ya mwaka 1967 ni kubwa zaidi. Mmoja huchora kwa penseli, mwingine hupitisha wino juu yake, na zamani wa tatu aliandika maneno ndani ya viputo palepale kwenye karatasi. Ndiyo maana ukurasa mmoja unaweza kuwa na majina mawili au matatu, na bei hufuata majina hayo.

Karatasi iliyofanyiwa kazi hubaki na alama za kazi. Tafuta mistari ya penseli ambayo kifutio hakikuimaliza. Tafuta penseli ya buluu iliyopauka. Waliitumia kwa sababu kamera ya kiwanda cha uchapaji haikuiona. Tafuta rangi nyeupe iliyofunika kosa, kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya uso uliorudiwa kuchorwa, kiputo kilichoanza kubanduka kwa sababu gundi imekauka, maandishi ya mhariri pembeni, muhuri nyuma. Wino mweusi ulioenea eneo kubwa hauwi sawasawa: utaona michirizi ya brashi, na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga utaona pengine unang'aa na pengine umefifia. Chukua kioo cha kukuzia. Picha iliyochapwa itakuonyesha vitone vidogo vilivyojipanga. Ukurasa wa mkono hauna vitone hivyo, isipokuwa pale mchoraji alipobandika karatasi maalumu yenye nukta ili kupata kivuli, na hiyo utaiona ukingo wake ulipokatwa kwa wembe.

Katuni za Ubelgiji na Ufaransa zina utaratibu wake. Mara nyingi mistari myeusi iko kwenye karatasi moja na rangi kwenye nyingine, iliyochapwa mistari hafifu kama mwongozo. Kwa hiyo ukiona picha yenye rangi nzuri inauzwa kama halisi, uliza: mistari hii imechorwa au imechapwa?

Uliza hilo hilo kwa kazi za miaka ya karibuni. Siku hizi mchoraji wa penseli anaweza kuwa nchi moja na wa wino nchi nyingine. Wa pili hutumiwa picha kwa intaneti, huichapa kwa buluu, kisha hupitisha wino juu yake. Hapo kuna karatasi mbili, moja ya penseli tupu na nyingine ya wino juu ya chapa, na muuzaji mwaminifu atakwambia hii ni ipi. Na kama kazi yote ilifanywa kwenye kompyuta, hakuna ukurasa halisi kabisa. Chapa iliyotiwa saini ni chapa yenye saini. Ilipie bei ya chapa.

Hatua ya 2: Elewa kinachopandisha bei

Jalada huwa ghali kuliko ukurasa wa ndani. Ukurasa wenye picha moja kubwa huwa ghali kuliko ule uliogawanywa vyumba sita vya picha. Ukurasa wenye shujaa akiwa kwenye vazi lake huwa ghali kuliko ule anaokunywa chai na jirani. Lakini kinachoshinda yote ni mara ya kwanza. Mwaka 2014 ukurasa wa mwisho wa toleo namba 180 la The Incredible Hulk, uliochorwa na Herb Trimpe, uliuzwa dola 657,250. Shujaa Wolverine anatokea humo kwa mara ya kwanza, kwenye chumba cha mwisho tu. Hata Secret Wars ni hivyo hivyo: kilicholipiwa ni chanzo cha vazi jeusi lililokuja kumzaa Venom, adui wa Spider-Man. Mike Zeck ana kurasa nyingine, na hazikaribii bei hiyo.

Hali ya karatasi, kinyume na wanavyodhani wakusanyaji wa vitabu, haina uzito mkubwa hivyo. Januari 2021 huko Paris, kampuni ya Artcurial iliuza mchoro wa rangi ambao Hergé, Mbelgiji mchoraji wa Tintin, aliutengeneza mwaka 1936 kwa ajili ya jalada la kitabu chake Le Lotus bleu. Mchapishaji aliukataa kwa sababu kuchapa rangi zote zile kungegharimu mno. Mchoro una alama za kukunjwa, zinaonekana wazi kabisa. Uliuzwa karibu euro milioni 3.2. Mikunjo haikuwazuia wanunuzi, kwa sababu mchoro ni huo mmoja duniani.

Kwa mwenye fedha za kawaida, jambo hili ni habari njema. Ukurasa wa mazungumzo kutoka kitabu kile kile, wa mchoraji yule yule, usio na shujaa wala vita, unaweza kuwa sehemu ndogo sana ya bei ya jalada, na mara nyingi mkono wa mchoraji unaonekana humo vizuri zaidi: jinsi anavyopanga vyumba, anavyochora vidole, anavyoweka kivuli chini ya meza. Msimamo wangu ni huu: nunua ukurasa mzuri wa mchoraji asiyejulikana sana kabla ya ukurasa dhaifu wa jina kubwa. Bei ya jina inaweza kushuka, na ukurasa dhaifu utabaki dhaifu.

Hatua ya 3: Anza na wachoraji wa karibu

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kabla hujafungua akaunti Dallas, angalia yaliyo nyumbani.

Tanzania ina hazina ya katuni. Kuna Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Kuna gazeti la Sani, ambalo watoto wa miaka ya 1980 walilisoma kwa kupokezana hadi karatasi ikachanika, na humo Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana bado. Kuna Kingo wa James Gayo, kuna kazi za Gado, kuna Kipanya wa Masoud. Michoro hiyo ilipelekwa magazetini, ikapigwa picha, ikachapwa. Baada ya hapo karatasi yenyewe ilihesabiwa kama kazi iliyokwisha. Ofisi zilihama, makabati yakaliwa na mchwa, wahariri wakastaafu. Kila ukurasa uliosalia umeponea chupuchupu.

Ng'ambo ya ziwa mambo ni hayo hayo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amejulikana hadi Brussels na Paris. Kinshasa miaka ya 1990 alikuwepo Papa Mfumu'eto, aliyechora, akachapisha na kusambaza vijarida vyake kwa Kilingala. Mkusanyo mkubwa wa karatasi zake leo uko Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Ninafurahi kwamba umehifadhiwa. Lakini mtu wa Kigoma anayeona maboti ya Kalemie na Uvira yakitia nanga Kibirizi yuko karibu na kazi za Wakongo kuliko mkutubi yeyote wa Florida. Waulize wafanyabiashara wa vitenge mnaofahamiana nao, waulize jamaa walioko Bujumbura. Wachoraji wapo kote huko, na wengi hawajawahi kuulizwa kama wanauza karatasi zao.

Namna ya kumwendea mchoraji ni jambo la heshima. Usianze na bei. Ujumbe wa kwanza unaweza kuwa hivi: "Shikamoo mzee. Mimi ni msomaji wako, niko Kigoma. Nilikuwa nafuatilia katuni zako tangu shule ya msingi. Ningependa kujua kama bado umetunza michoro yako ya awali, ile ya mkono. Kama ipo na uko tayari kuachia mmoja, naomba uniambie unaonaje kuhusu bei." Akikujibu kwamba hajawahi kuuza na hajui bei, usimvizie kwa elfu kumi. Mweleze kwa uwazi bei za kurasa za ndani za wachoraji wa kawaida huko nje, kisha mkubaliane. Mchoraji aliyelipwa vizuri atafungua kabati lake. Aliyepunjwa atawaambia wenzake.

Mkishakubaliana, andikeni hati fupi: jina la mchoraji, jina la katuni, gazeti na tarehe ilipochapwa kama anaikumbuka, vipimo vya karatasi, bei, saini zenu mbili. Mwombe asaini na mchoro wenyewe kwa penseli nyuma kama haukuwa na saini. Na fahamu kwamba umenunua karatasi. Haki ya kunakili imebaki kwake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ukitaka kuchapa fulana au kalenda, rudi kwake mwombe ruhusa, au kwa warithi wake.

Hatua ya 4: Jisajili mapema

Ukitaka kununua nje, jisajili angalau wiki mbili kabla ya mnada. Kwa katuni za Marekani kuna Heritage, ComicLink na ComicConnect. Kwa za Ubelgiji na Ufaransa kuna Artcurial na Christie's ya Paris. Hapa jirani, Circle Art Agency ya Nairobi imekuwa ikiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013. Huko hunadiwa hasa picha za rangi na vinyago kuliko katuni, lakini kufuatilia mnada wao mmoja ni darasa zuri la kuona madau yanavyopanda.

Utaombwa kitambulisho (pasipoti hupokewa kirahisi kuliko kadi ya NIDA), namba ya simu, na anwani. Fomu nyingi hazikubali sanduku la posta, kwa hiyo tumia anwani ya makazi: jina la mtaa, namba ya nyumba, na postikodi ya kata yako. Ukitaka kiwango kikubwa cha dau wataomba barua ya benki. Iombe tawini kwako siku za mwanzo wa wiki.

Hatua ya 5: Ichunguze loti kama mpelelezi

Kila kitu kinachonadiwa kina namba yake, ndiyo loti. Fungua picha, ikuze hadi mwisho, itafute orodha yote ya alama nilizotaja. Kisha waandikie waombe picha ya nyuma ya karatasi na maelezo ya hali yake. Ni haki ya mnunuzi na hawatozi kitu. Soma maelezo polepole. "Imechorwa na" na "inadhaniwa kuwa ya" ni mbali kama Kigoma na Dar es Salaam.

Uliza pia ukurasa umetoka wapi. Kwa miongo mingi kampuni za Marekani hazikuwarudishia wachoraji kurasa zao, na nyingi zilitoka maghalani kwa njia zisizojulikana. Jack Kirby, aliyechora maelfu ya kurasa za Marvel, alipigania kurudishiwa zake hadi 1987, na alipata sehemu tu. Kwa hiyo ukurasa wa zamani usio na historia unahitaji swali moja la ziada, na jibu la kukwepa ni sababu tosha ya kuachana nao.

Mwisho, tafuta bei zilizopita za mchoraji huyo huyo. Heritage huonyesha kumbukumbu za mauzo yake bila malipo kwa aliyejisajili. Chukua kurasa tano au sita zinazofanana na yako kwa mwaka, mhusika na aina. Makadirio yaliyoandikwa kwenye katalogi ni maoni ya muuzaji. Bei zilizolipwa ndizo ushahidi.

Hatua ya 6: Piga hesabu kinyumenyume

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea, kwa hiyo tuende taratibu.

Bei ya nyundo, yaani dau la mwisho, siyo bei utakayolipa. Kampuni huongeza ada ya mnunuzi, kwa kawaida asilimia 20 au zaidi. Ule ukurasa wa Spider-Man ulipigiwa nyundo kwenye dola 2,800,000. Asilimia 20 yake ni 560,000, ndipo tukapata 3,360,000. Baadhi ya kampuni zina ada ya chini kabisa kwa kila loti, na kwenye loti ndogo ada hiyo inaweza kuzidi asilimia 20. Isome kwenye masharti kabla ya yote.

Sasa tuchukue mfano wa dau la dola 200, na tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Ada ya mnunuzi inaifanya 240. Usafirishaji na bima hadi Tanzania, tuseme dola 80: tumefika 320. Ikiingia nchini, VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani pamoja na usafirishaji na bima, yaani dola 57.6. Jumla ni dola 377.6, sawa na shilingi 944,000. Dau lako lilikuwa shilingi laki tano. Na hapo bado hujahesabu ushuru wa forodha kama upo, wakala wa forodha, makato ya benki, na kuutoa mzigo Dar hadi Kigoma.

Kuhusu ushuru, mwambie wakala mapema kwamba ni mchoro uliofanywa wote kwa mkono. Kundi lake katika orodha ya forodha ni 9701. Muulize kiwango cha sasa, na umwombe ajibu kwa maandishi. Ukiuacha mzigo uandikwe "kitabu" au "bidhaa za karatasi" utajikuta unabishana dirishani ukiwa na nyaraka zinazopingana.

Basi anza mwisho uje mwanzo. Una shilingi milioni moja, ambazo kwa kiwango hicho ni dola 400. Toa dola 30 za benki na wakala, zibaki 370. Gawanya kwa 1.18 kuondoa VAT: 313.6. Toa usafirishaji 80: 233.6. Gawanya kwa 1.2 kuondoa ada ya mnunuzi: karibu 195. Dau lako la juu kabisa ni dola 190. Liandike kwenye karatasi kabla ya siku ya mnada. Mchuuzi wa ng'ombe akienda mnadani amekwisha kujua nauli ya lori na ushuru wa halmashauri kabla hajamshika mnyama mkia, na wewe fanya hivyo.

Hatua ya 7: Siku ya mnada

Saa kwanza. Dallas iko nyuma yetu kwa saa tisa wakati wa baridi yao na saa nane wakati wa kiangazi chao. Mnada unaoanza saa sita mchana Dallas mwezi Januari kwetu ni saa tatu usiku. Mwezi Julai ni saa mbili usiku. Mnada wa jioni kule ni alfajiri hapa. Paris ni rahisi: nyuma kwa saa mbili au moja. Badilisha saa kwa kalamu, uandike na tarehe, maana usiku wa manane ukishapita siku imebadilika kwetu na kwao bado.

Kwa mtu wa Kigoma, njia bora ni kuweka dau la siri kabla ya mnada. Unaipa programu ya kampuni kiwango chako cha juu, nayo inapandisha kwa niaba yako hatua kwa hatua, kiasi kidogo tu cha kumpita mshindani, na inasimama ilipoambiwa isimame. Umeme ukikatika au mtandao ukizimika, dau lako linaendelea. Liweke mapema, kwa sababu wawili wakiweka kiwango kimoja kwa kawaida hupewa aliyetangulia.

Ukiamua kushiriki moja kwa moja, chaji simu, weka bando la kutosha na laini ya pili ya mtandao mwingine. Kila mnada una jedwali la viwango vya kupanda. Lijue, usije ukabonyeza ukidhani unaongeza dola tano kumbe ni hamsini. Fahamu pia kwamba loti nyingine zina kiwango cha chini kisichotangazwa, ambacho muuzaji hakubali kushuka chini yake. Unaweza kuwa mwenye dau la juu na bado ukurasa usiuzwe.

Ukifika 190 yako, funga simu. Dau ni mkataba. Hakuna kupiga simu kesho yake kusema mtoto alibonyeza.

Hatua ya 8: Kulipa

Ankara huja kwa barua pepe. Kiasi kidogo kinaweza kulipwa kwa kadi, hata kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za fedha za simu, mradi uangalie kikomo chake. Kiasi kikubwa hulipwa kwa uhamisho wa benki. Nenda na ankara iliyochapwa, kitambulisho, na maelezo ya chanzo cha fedha, na jina la akaunti liwe lile lile ulilosajilia mnadani.

Wezi hupenda hatua hii. Ukipata barua pepe inayosema akaunti ya benki imebadilika, au kwamba mshindi amejitoa na wewe sasa umepewa nafasi ukilipa haraka kwa wakala wa fedha, usitume hata senti. Ingia kwenye akaunti yako ya mnada mwenyewe, chukua namba ya simu iliyoko humo, piga, thibitisha.

Hatua ya 9: Kuuleta

Waandikie: ukurasa usafirishwe bapa, katikati ya kadibodi mbili ngumu, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usikubali uviringishwe, wino wa zamani hupasuka na vipande vilivyobandikwa hubanduka. Kata bima ya bei kamili.

Kutoka Dar, usiukabidhi kwenye buti la basi pamoja na magunia. Safari ni ndefu na buti lina joto na maji. Mwombe ndugu anayekuja kwa ndege aubebe mkononi; kifurushi cha sentimita 28 kwa 43 na kingo zake kinaingia kwenye begi la kawaida. Kwa treni inawezekana pia, ukiwa umeketi nao.

Hatua ya 10: Kuutunza kando ya ziwa

Kigoma ina uzuri wake, lakini unyevu wa Ziwa Tanganyika si rafiki wa karatasi. Masika ukuta wa nje hutoa jasho na ukungu huota nyuma ya picha bila mtu kuona.

Jambo la kwanza, na naomba ulishike kuliko yote: usiulaminishe. Najua duka la stesheneri liko jirani na bei ni ndogo. Plastiki ile huyeyushwa kwa joto juu ya karatasi na haitoki tena, na ukurasa wako hapo umekwisha, thamani na uhai. Vivyo hivyo selotepu, gundi nyeupe, na ile mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali. Tumia mfuko wa poliesta ngumu, aina ya Mylar, na nyuma yake kadi isiyo na asidi. Vyote unaweza kuagiza pamoja na ukurasa wenyewe kwa dola chache.

Laza kurasa bapa kwenye sanduku la bati au kabati la chuma, juu ya stuli, mbali na sakafu, mbali na ukuta wa nje, na siyo chini ya bati linalovuja. Weka pakiti za chembechembe za kunyonya unyevu na uzibadilishe masika. Lifungue kila mwezi siku kavu. Unatafuta mende, mchwa, vidoadoa vya ukungu na harufu ya uvundo. Kabla ya kugusa, nawa mikono na uikaushe kabisa. Mafuta ya mawese kidoleni hayatoki kwenye bristoli.

Wino mweusi wa kaboni hauogopi sana mwanga, lakini rangi za kalamu za maka (marker) hupauka upesi sana, na karatasi ya magazeti hugeuka njano. Kwa hiyo ninashauri utundike nakala. Skani ukurasa kwa nukta 600 kwa inchi, chapa nakala nzuri, iweke sebuleni, na halisi ilale sandukuni. Ukitaka lazima kutundika ule halisi, mwambie fundi fremu mapema: asiubandike kwa gundi kwenye hadibodi kama anavyofanya picha za harusi, na aweke ukingo wa kadi ili kioo kisiguse wino. Mweleze kabla hajaanza, na ukae naye hadi amalize.

Hatua ya 11: Nyaraka

Kila ukurasa uwe na bahasha yake: hati ya mchoraji au ankara ya mnada, uthibitisho wa malipo, karatasi za forodha, picha ya mbele na nyuma. Weka nakala ya pili ya picha hizo nje ya nyumba, kwenye barua pepe yako au kwa ndugu. Andika kwenye daftari ulilipa kiasi gani kwa jumla, siyo bei ya nyundo, kwa sababu siku utakapouza kampuni itakukata ada tena kwa upande wa muuzaji, na bila jumla hiyo hutajua kama umepata au umekula hasara. Mwonyeshe mke, mume au mtoto mkubwa sanduku liko wapi na ndani kuna nini, wasije wakaligawa kama makaratasi ya zamani.